Barua kwa mwanangu kuhusu mchango wenu kwa mabinti wa Mwanza

Pasiansi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Jumatatu, nami nimeirudia mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloniuliza ndilo nililolala nalo na kuamka nalo miaka yote niliyokuwa afisa maendeleo ya jamii katika kata za jiji hili. Umeniambia kwamba wewe na wenzako saba hapo Dar es Salaam mmekubaliana kuchanga kila mwezi ili mabinti wa Mwanza waliokatisha masomo wapate ufundi wa kuwaendeshea maisha, na kwamba sasa mmegawanyika: wapo wanaotaka mwanzishe shirika lenu wenyewe, na wapo wanaotaka fedha zipelekwe kwa mashirika ambayo tayari yapo. Umeniuliza pia utamtambuaje anayefanya kazi ya kweli na anayekula kwa jina la maskini.

Kwa swali la kwanza, nakuomba msianzishe shirika. Mji huu hauna uhaba wa milango. Iko VETA pale Nyakato, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na hukohuko Nyakato iko SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuwainua wenye viwanda vidogo. Lipo shirika la Kivulini, ambalo tangu mwaka 1999 limekuwa likisimama na wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa majumbani, na lipo WoteSawa, linalotetea wafanyakazi wa nyumbani. Ukiongeza vituo vya makanisa, vya misikiti na vikundi vidogo ambavyo havijulikani nje ya mtaa wao, utaona kwamba shirika la nane au la themanini haliongezi kitu kikubwa. Nanyi mtatumia mwaka mzima wa kwanza kuandika katiba, kutafuta usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kufungua akaunti, kupanga ofisi na kuandaa taarifa ambayo kila shirika linatakiwa kuipeleka kwa Msajili kila mwaka. Matakwa hayo ni ya haki kabisa, lakini yanamhitaji mtu anayelala Mwanza na kuamka Mwanza, na nyinyi nyote mko mbali.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike barua ndefu. Nilipokuwa bado kazini, shirika moja lilikuja katika kata yangu kufundisha ushonaji. Walikuwa watu wema na sina shaka na nia yao. Walichukua mabinti 24, wakawafundisha miezi mitatu kwa vyerehani sita, na siku ya kufunga mafunzo lilisimikwa turubai, tukala wali na sato, diwani akahutubia, na kila binti akapewa cheti na fulana. Mimi mwenyewe nilisimama nikapiga makofi, na jina langu likaandikwa katika taarifa yao kama shahidi wa mafanikio. Miezi mitano baadaye nilimkuta mmoja wa mabinti wale stendi ya Igoma akiuza ndizi mbivu kwenye beseni. Nilipomuuliza habari za ushonaji, alinichukua hadi chumbani kwao, akainama, akatoa chini ya kitanda cheti chake kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni ili panya wasikile. Hakuwa na cherehani. Mafundi wa mtaani walikuwa wamekataa kumpokea kwa sababu alijua kushona sketi moja tu, ileile aliyofundishiwa, na hakujua kumpima mteja wala kukata kitambaa cha mtu bila kukiharibu. Aliniambia kwa upole sana kwamba hana lawama, ila angependa mtu mmoja kati ya wale walimu angerudi kumwona.

Neno hilo la kurudi kumwona ndilo jibu langu, mwanangu. Mafunzo yapo mengi, na wafadhili huyapenda kwa sababu yana tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na picha. Kinachokosa mwenyewe ni ule mwaka unaofuata baada ya cheti, wakati binti anapotafuta mteja wa kwanza, anapoharibu kazi ya kwanza na anapofikiria kuacha.

Nikupe mfano wa upande wa pili, maana usije ukadhani nimekata tamaa. Kule Kayenze, ufukweni, wanawake wamekuwa wakianika dagaa mchangani tangu enzi za bibi zao. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao, wanarudi alfajiri, wanawake wananunua kwa ndoo na kuwamwaga dagaa juu ya mchanga. Jua likiwaka, wanakauka. Mvua ikinyesha, wanaoza, na mtaji wote umekwenda. Hata wakikauka vizuri wanakuwa na mchanga, kwa hiyo wengi wao huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Zikija siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani, na mwanamke aliyepata hasara wiki iliyotangulia anakaa na watoto bila kitu.

Shirika moja dogo lilimtuma kijana mmoja huko. Kabla hajafundisha chochote alikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, akakaa siku nne na wanunuzi, wakiwemo wanaopeleka mzigo Kongo, akiwauliza wanataka dagaa wa namna gani na wanamkataa yupi kwa sababu gani. Ndipo akapanga chumba Kayenze, akakaa miezi minane. Pamoja na wanawake 12 walijenga vichanja, yaani miti iliyosimikwa na nyavu kutandazwa juu yake, kimo cha kiuno, hewa ikipita juu na chini, na turubai la kufunikia mvua ikitishia. Aliwafundisha kuwaosha dagaa, kuwatandaza wasilaliane na kuandika katika daftari walichonunua na walichouza. Siku walipopeleka mzigo wao wa kwanza Mwaloni nilikuwa pamoja nao. Mnunuzi alichota dagaa watatu akawatafuna polepole, ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu. Alikuwa anasikiliza mchanga. Akatafuna wengine watatu kutoka katikati ya gunia, kisha akauliza, "Mnayo magunia mangapi ya namna hii?" Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Wanawake wale walikuwa na kikoba chao, na sanduku lao lilikuwa na kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanawake watatu tofauti, ili lisifunguke ila mbele ya wote. Kijana yule hakuwahi kushika hata ufunguo mmoja. Alipoondoka, vichanja vilibaki, na mwaka uliofuata niliwakuta wameongeza vingine kwa fedha zao.

Kwa hiyo, mkitaka kulijua shirika, msianze kwa kusoma vipeperushi vyake. Ombeni mpewe majina ya watu waliomaliza mafunzo miaka miwili iliyopita, na wachagueni nyinyi, kwa sababu wakichagua wao mtapelekwa kwa yule mmoja aliyefanikiwa. Mimi nipo, miguu yangu bado inatembea, nitakwenda kuwaona kwa niaba yenu. Nitamuuliza kila mmoja anafanya nini leo, zana anazotumia ni za nani, na lini mara ya mwisho mtu wa shirika alifika kwake. Ulizeni pia kama chuo chao kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kama wanafunzi wanafanya mitihani inayotambuliwa na serikali, maana cheti cha shirika peke yake kina uzito mdogo mbele ya mwajiri. Tena wapo mabinti waliojifunza kazi kwa fundi wa mtaani miaka mingi na kwao kurudia darasa ni kupoteza muda, kwani VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutambua kwa cheti. Shirika linaloujua utaratibu huo na kuwapeleka watu wake huko ni shirika linalofikiri. Usajili, taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa mnayo haki ya kuomba kuviona, na anayekasirika mkiviomba muacheni.

Fedha zenu zifanye kazi ambayo wafadhili wakubwa hawaipendi. Binti wa Kishiri anayesoma ufundi Nyakato huacha masomo kwa kukosa nauli ya daladala mara nyingi kuliko kwa kukosa akili. Mwenye mtoto mchanga huacha kwa kuwa hakuna wa kumshikia mtoto. Lipeni nauli, uji wa mchana, mama wa kulea watoto wakati mama zao wako darasani, ada ya mtihani, na cherehani au mashine ya kuchomelea inayotolewa kwa mkopo usio na riba na kulipwa kidogo kidogo. Na zaidi ya vyote lipeni mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwazungukia waliomaliza, mwaka mzima, katika vibanda vyao. Mkiweza kuwapata mafundi wazuri wa Mabatini au Igogo wakubali kumpokea binti mmoja mmoja kwa uanagenzi, huku nyinyi mkimlipa fundi kifuta jasho, mtakuwa mmefanya zaidi ya jengo zima.

Baadaye, mabinti wakishaungana, wataweza kuomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria inaigawa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na ambayo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Wengi huikosa kwa sababu kikundi chao ni cha karatasi, hakina daftari wala mkutano, na hapo tena mtu wa kuwafuatilia ndiye anayeleta tofauti. Kumbuka tu kwamba tuna halmashauri mbili mjini, Jiji upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na kila kikundi kinaomba kule kiliko.

Nina ombi moja ambalo nalisema kwa uchungu. Msidai picha za mabinti. Nimeona watoto wa watu wakipangwa mstari na kupigwa picha wakiwa wameshika unga waliopewa, na picha hizo zikasambaa mpaka kwa wanafunzi wenzao wa zamani. Mkitaka ushahidi, taarifa ya hesabu na miguu yangu inatosha. Na mkikutana na mtu ambaye hahitaji ufundi wowote, bibi anayelea wajukuu watano au mgonjwa asiyeweza kusimama, mpeni chakula na dawa bila kumtaka kwanza ahudhurie semina ya ujasiriamali. Nimeshuhudia hilo pia, na sitaki mkono wa mwanangu uwe ndani yake.

Nimeshaongea na wanawake wawili wa Kayenze, nao wamekubali kuwapokea mabinti wanne vichanjani msimu huu, kwa kuanzia. Zungumza na wenzako, kisha nijulishe kama mtaweza kulipa nauli zao na ndoo za mwanzo za dagaa. Ukija likizo ya Desemba tutakwenda kuwaona pamoja. Twende wakati wa giza, ili tukute wavuvi wanarudi asubuhi.

Wasalimie wajukuu wangu na mkwe wangu.

Mimi mama yako