Kreatinini imepanda: ni figo, ni misuli au ni dawa?

Swali: Nina miaka 26, nabeba vyuma. Muuzaji wa poda ya kreatini aliniambia ninywe gramu 20 kwa siku, nami nazinywa zote asubuhi. Wiki ya kwanza nimeongezeka kilo 2 na tumbo linaharisha. Nimepima damu, kreatinini ni 128, nikaambiwa figo zinakufa. Niache? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Tumbo kwanza, maana hilo ni rahisi. Gramu 20 kwa mkupuo mmoja ni nyingi mno: zisizofyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo, ndipo unaharisha. Wanaoanza na kiasi hicho hukigawa mara 4, gramu 5 kila mara, kwa siku 5 hadi 7 tu. Wala si lazima kuanza hivyo. Gramu 3 kwa siku hufikisha misuli palepale baada ya wiki 4. Tumia mizani, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu unywe hapohapo. Ukiiacha ndani ya juisi ya ukwaju mpaka kesho, asidi huanza kuigeuza kuwa kreatinini, ambayo mwili hauna kazi nayo. Nunua kreatini ya kawaida, iitwayo monohaidreti. Aina za bei kubwa hazijaonyesha kuizidi. Hizo kilo 2 ni maji yaliyoingia kwenye misuli.

Sasa hiyo 128, yaani mikromoli kwa lita. Mwili wa kilo 70 una takriban gramu 120 za kreatini, karibu zote zikiwa ndani ya misuli. Kila siku kiasi kama asilimia 2 hugeuka kuwa kreatinini, na figo huitoa kwa mkojo. Kwa hiyo mwenye misuli mikubwa, anayekunywa poda, na aliyekula nyama choma jana usiku wanaweza wote kuonyesha namba ya juu bila figo kuguswa. Kwa umri wako, 128 hukadiriwa kuwa mchujo (kiasi cha damu ambacho figo husafisha) wa takriban ml 68 kwa dakika. Figo zinazokufa haziko hapo, ila namba hiyo haipuuzwi.

Pima mkojo wiki hii, protini na damu, na presha pia. Vikiwa safi, simamisha poda wiki 4 kisha rudia kreatinini, ukiwa umekaa saa 48 bila vyuma na saa 12 bila nyama wala samaki. Hospitali yenye kipimo cha sistatini C, kiombe, kwa sababu hicho hakiyumbishwi sana na misuli. Protini ikionekana kwenye mkojo, usingoje wiki 4. Nenda kwa daktari, na poda ibaki kabatini.

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, natumia TLD, kidonge cha VVU, tangu miezi miwili iliyopita. Kabla ya kuanza kreatinini ilikuwa 70, sasa ni 82. Jirani anasema dawa zinanila figo. Nimefikiria kuziacha. (Mama, Tanga)

Jibu: Marahaba, mama. Usiache hata kidonge kimoja.

Ndani ya TLD mna dolutegraviri. Figo hutoa kreatinini kwa njia mbili: sehemu kubwa huchujwa, na sehemu ndogo husukumwa na mirija ya figo kuingia kwenye mkojo. Dolutegraviri huubana mlango huo wa pili. Chujio linaendelea na kazi yake kama kawaida, ila kreatinini kidogo hubaki kwenye damu. Kupanda huko hutokea ndani ya wiki 4 za mwanzo, mara nyingi kwa kiasi kama hicho chako, kisha namba hutulia. Kwenye hesabu ya maabara mchujo wako utaonekana umeshuka kutoka 96 hadi 79, kwa sababu hesabu hiyo haijui unatumia dawa gani. Septrini, ile dawa ya kuua bakteria, nayo hufanya vivyo hivyo, basi mwenye kutumia zote mbili amweleze mtu wa maabara na daktari pia.

Lakini jirani hajakosea kabisa. Kwenye kidonge hichohicho mna tenofoviri, na hiyo inaweza kweli kuumiza mirija ya figo kwa watu wachache. Dalili zake ni tofauti: kreatinini haitulii, inapanda kila unapopima; mkojo unaonyesha protini; au unaonyesha sukari wakati sukari ya damu ni ya kawaida. Hiyo ya mwisho tunaitilia mkazo, maana hupita bila kuangaliwa. Omba kipimo cha kijiti cha mkojo, ni cha bei nafuu na majibu hutoka papo hapo. Rudia kreatinini baada ya miezi 3. Ikiwa imekaa hapohapo kwenye 80 na kitu, endelea. Mchujo ukishuka chini ya 50, daktari ataangalia upya hiyo tenofoviri, na atakayeibadilisha ni yeye.

Swali: Bibi yetu ana miaka 74, kilo 42, ana Parkinson na kisukari, anatumia metformini. Tumesikia kreatini inatibu Parkinson. Kreatinini yake ni 90, wamesema ni ya kawaida. Tumpe? (Wajukuu, Mombasa)

Jibu: Kwa Parkinson, hapana. Wagonjwa zaidi ya 1,700 wa Marekani na Kanada walijaribiwa kwa gramu 10 kwa siku; utafiti ulisimamishwa mwaka 2013 kwa sababu waliopewa kreatini hawakuwa na nafuu kuliko wasiopewa. Kwa wazee wengine, kreatini pamoja na mazoezi ya kunyanyua uzito huongeza nguvu kidogo. Bila mazoezi, msitarajie mengi.

Kinachotushtua ni hiyo 90. Bibi ana misuli kidogo, hivyo anatengeneza kreatinini kidogo; namba yake ilitakiwa iwe chini zaidi. Fanyeni hesabu hii: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04 (mwanamume ni 1.23), gawanya kwa kreatinini (ya mikromoli kwa lita). Yaani 66 × 42 × 1.04 ÷ 90, jibu ni mchujo wa takriban ml 32 kwa dakika. Figo zake ziko chini sana kuliko karatasi inavyosema. Metformini hupunguzwa dozi mchujo ukiwa chini ya 45 na husimamishwa ukiwa chini ya 30, kwa hiyo mpelekeni na hesabu hiyo mkononi. Diklofenaki ya maumivu ya kununua dukani, msimpe, maana huumiza figo.

Swali: Juzi nilianza jimu, nikachuchumaa na chuma mara nyingi sana. Leo mapaja yamevimba, mkojo una rangi ya chai ya rangi. Ninywe maji tu? (Kijana, Dodoma)

Jibu: Nenda hospitali leo. Misuli imepasuka na inamwaga vitu vyake kwenye damu. Vinaweza kuziba figo, na potasiamu ikipanda, moyo unaweza kusimama. Omba wapime CK (kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia), potasiamu na kreatinini, wakuwekee dripu. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu huku hadubini haioni chembe nyekundu, inayoonekana hapo ni protini ya misuli. Kwa maumivu usimeze diklofenaki wala ibuprofeni.