Shangazi Mkali Asikumalize

Msomaji mmoja ameandika: amecheza shangazi mkali kwenye runinga kwa misimu mitatu, na sasa kila mwongozaji anayempigia simu anamtaka shangazi huyo huyo. Atatokaje?

Dada, mtazame Carol Burnett, Mmarekani ambaye kipindi chake cha vichekesho kwenye kituo cha runinga cha CBS kilianza Septemba 1967 kikaisha Machi 1978. Ndani ya saa moja alikuwa karani, malkia, kisha mke aliyechoka na maisha. Watu husema kipaji, wakaishia hapo. Kipaji anacho, lakini ukitazama kwa makini utaona ufundi unaoweza kujifunza.

Chukua Bi Wiggins, yule karani mzembe aliyemtia wazimu bosi wake, aliyeigizwa na Tim Conway. Kwenye maandishi alikuwa bibi kizee. Mbunifu wa mavazi, Bob Mackie, akamvalisha sketi ya kubana iliyobaki na nafasi nyuma. Burnett akataka ipunguzwe. Mackie akamwambia aijaze kwa kutoa makalio nyuma. Ule mwendo wa bata uliochekesha Marekani nzima ukazaliwa hapo, kwenye chumba cha mavazi, kabla ya neno lolote kusemwa.

Kwa hiyo anza na mwili. Vaa viatu vya mhusika na kitu kimoja kinachokubana au kukulemea, utembee chumbani dakika 10 bila kusoma mstari hata mmoja. Jirekodi kwa simu, kisha tazama sauti ikiwa imezimwa. Ukimwona shangazi yule yule, ujue umebadilisha kilemba tu. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaanza na lafudhi: leo mtu wa pwani, kesho wa bara, na mabega ni yale yale, kasi ya kusema ni ile ile, hata mkono wa kiunoni haujahama.

Si kwamba lafudhi haina kazi. Burnett, mzaliwa wa Texas, ndiye aliyeamua Eunice, mhusika wake katika maigizo ya familia yenye ugomvi, aongee kama watu wa huko. Mama yake Eunice aliigizwa na Vicki Lawrence, aliyekuwa mdogo kuliko Burnett kwa miaka 16! Siku moja mazoezini walicheza igizo la familia hiyo bila lafudhi wala mbwembwe, na likageuka huzuni tupu. Jaribu hivyo na maandishi yako. Ukiondoa vituko na pasibaki mtu mwenye jambo linalomuuma, rudisha kwa mwandishi.

Halafu uso. Novemba 1976, katika igizo la kuichekesha filamu ya Gone with the Wind, ambamo mwanamke anashona gauni kwa mapazia, Burnett alishuka ngazi akiwa amevaa gauni la mapazia, na fimbo ya pazia Mackie ameiacha mabegani. Kilichoua watu kwa kicheko ni kwamba alishuka kwa heshima zote, kama bibi aliyevaa hariri. Angekonyeza kidogo tu, kichekesho kingekufa. Ukiwa mbele ya hadhira, sema mstari unaofuata kicheko kinapoanza kushuka. Ukisubiri kizimike, mchezo unapoa. Ukirekodi bila hadhira, acha pumzi ya sekunde moja na nusu. Mhariri anaweza kuikata, lakini hawezi kuiongeza kama hukuiacha.

Sasa mkataba, ambao wasanii wetu husaini wakiwa wamesimama. Mkataba wa Burnett na CBS ulikuwa wa miaka 10, na kulikuwa na kipengele: ndani ya miaka mitano ya kwanza akitaka, wampe vipindi 30 vya saa moja vya burudani mchanganyiko, au wamlipe hata wasipovirusha. Zikiwa zimebaki siku chache muda huo uishe, akapiga simu. Akaambiwa kazi hiyo ni ya wanaume, akapewa wazo la tamthilia nyepesi badala yake. Akashikilia kipengele chake.

Wewe soma mambo matatu: nani anamiliki jina la mhusika, unaruhusiwa kufanya kazi gani nje kati ya msimu na msimu, na haki zako zinaisha tarehe gani. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ya simu, ikukumbushe mwezi mmoja kabla.

Na video ya kutuma kwa waongozaji isizidi dakika 2: wahusika wanne, sekunde 30 kila mmoja, ukianza na yule aliye mbali zaidi na wewe. Shangazi asionekane kabisa. Wanamjua.