Kabla hujashusha gia boksi: maswali na majibu kuhusu kuvuja kwa oili

Fundi, Jeep Cherokee yangu ya zamani, injini ya lita 4.0, inadondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi. Nimeambiwa ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, na lazima gia boksi ishushwe. Ni kweli?

Huenda, ila usishushe chochote kwanza. Oili haikai pale ilipotokea. Inateremka, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo karibu kila kinachovuja juu huishia kudondoka kwenye maungio hayo hayo. Sili ya nyuma inasingiziwa mengi. Kwenye injini yako washukiwa wa mwanzo ni wawili: gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwenye kona ya nyuma, pale usipopaona bila kioo kidogo, na o-ringi (ringi za mpira) za kile kipande kinachoshika filta ya oili ubavuni mwa bloku. Vyote viwili hubadilishwa bila kugusa gia boksi.

Osha injini ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, huku umefunika alternata na njia ya hewa. Iache ikauke kabisa. Endesha mpaka ipate moto sawasawa, zima, kisha ingia chini na tochi. Ingia gari likiwa limekaa juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Sasa usiangalie tone linapoangukia. Tafuta unyevu ulio juu kuliko wote na mbele kuliko wote, hapo ndipo penye chanzo. Usipopata jibu, paka poda nyepesi ya mwili kwenye sehemu kavu unayoishuku, washa tena, na oili itajichorea njia yenyewe. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili, inayong'aa ukiimulika kwa taa ya zambarau. Inafaa sana kwa injini iliyobanana.

Hakikisha pia kwamba hiyo ni oili ya injini kweli. Oili ya gia boksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, na ile nzito ya gia ina harufu ya salfa ambayo ukishainusa huisahau. Sili ya mbele ya gia boksi nayo humwagia humo humo.

Ukithibitisha ni sili ya nyuma, habari njema: kwenye injini hii ina vipande viwili, na hubadilishwa kutoka chini kwa kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kifuniko cha beringi ya mwisho ya krenki. Gia boksi inabaki mahali pake. Aliyekuambia lazima ishuke, muulize amezoea injini gani.

Nina Land Cruiser ya dizeli. Sili ya mbele ya krenki imebadilishwa, ikavuja, ikabadilishwa tena, na bado. Je, ni sili feki?

Sili feki zipo, lakini ningeanza na breza, njia ya kupumulia ya injini. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni hadi ndani ya bloku, na gesi hiyo hutokea kwenye breza. Mpira wa breza ukiziba kwa uchafu, au ukikunjwa na mtu aliyeufunga vibaya, gesi hutafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu ni sili. Ubadilishe utakavyo, ya tatu nayo itavuja.

Fungua mpira huo, uusafishe mpaka upulizike bila kikwazo. Kisha injini ikiwa moto na inaunguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida kwa dizeli ya zamani. Ikiwa moshi unatoka kwa nguvu na kifuniko kinarushwarushwa ingawa breza ni safi, ringi au silinda zimechoka, na hapo sili siyo ugonjwa wako.

Breza ikiwa nzima na moshi ni wa kawaida, pitisha ukucha kwenye chuma pale mdomo wa sili unapogusa. Ukikwama kwenye mfereji, chuma kimeliwa. Vinauzwa vibati vyembamba vya kuvika sehemu hiyo, au fundi anaweza kuikalisha sili mbele au nyuma kidogo ili mdomo wake upate chuma kizima, nafasi ikiruhusu.

Suzuki Samurai yangu ya lita 1.3 inavuja nikipanda milima tu. Tambarare haivuji.

Ukipanda, oili ya juu hukusanyika nyuma ya silinda hedi. Na kwenye injini hiyo distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, imefungwa huko huko nyuma, ikiwa na o-ringi yake. Anza nayo, ni kipande cha mpira cha bei ya chini. Weka alama mahali distribyuta ilipokaa kabla ya kuichomoa, la sivyo utahangaika na taimingi.

Naweza kupaka silikoni badala ya gasketi ya sampu?

Injini nyingine zimetoka kiwandani bila gasketi ya karatasi pale, zina silikoni tu, kwa hiyo silikoni yenyewe siyo dhambi. Tatizo ni kuimwaga. Inayozidi ndani hukatika ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa kwa kukosa oili ingawa sampu imejaa. Mstari mmoja wa milimita 2 au 3, uzunguke matundu ya bolti kwa ndani, juu ya chuma kikavu kisicho na mafuta. Iache saa 24 kabla ya kujaza oili. Bolti ndogo za M6 mara nyingi hutaka Nm 10 tu. Ukizikaza kwa hasira bati linapinda, na sampu iliyopinda inavuja hata uipake ndoo nzima.

Nikiweka oili nzito zaidi, au ile dawa ya chupa ya kuziba?

Dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, kwa hiyo jasho dogo la sili linaweza kupungua. Gasketi iliyokatika haitasikia. Oili nzito isiyo kwenye kitabu cha gari lako siiungi mkono.

Kuna oili ndani ya soketi ya waya wa swichi ya presha ya oili.

Swichi imekufa kwa ndani. Badilisha swichi.

Land Rover Defender 300Tdi: oili inadondoka kwenye katundu kadogo chini ya kava la taimingi. Nilifikiria kukaziba.

Usikazibe! Kametobolewa ili oili ikivuja ndani uione, na kizibo chake huwekwa unapovuka maji marefu, kisha hutolewa. Humo ndani mna mkanda wa taimingi, na oili huula mpira wake. Ukikatika injini ikiwa kazini, valvu na pistoni zinagongana. Katika maswali yote ya safari hii, gari lako ndilo ningelizuia lisitoke. Fungua kava, tafuta kama ni sili ya krenki au ya kamshafti, badilisha zote mbili maadam umeshafika, na mkanda ulioloa uutupe hata kama ni mpya. Haufuliwi.