Kakofonia, Kelele na Zogo: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu

Mwalimu, nimelisikia neno "kakofonia" redioni. Lina maana gani, na limetoka wapi? (Msomaji, Langoni)

Kakofonia ni sauti nyingi zinazogongana na kuliudhi sikio kwa kukosa upatanifu. Asili yake ni Kigiriki: kakos ni baya, na phone ni sauti, mzizi uleule uliomo katika simfonia, mikrofoni na saksafoni. Neno lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika karne ya 17, nasi tumelipokea kwa kulitilia irabu mwishoni. Wanaolikataa kwa ugeni wake wakumbuke kwamba hata "sauti" tumeipata kwa Waarabu.

Kwani si kelele tu? (Msomaji, Shela)

La. Kelele hupimwa kwa ukubwa, kakofonia kwa mgongano. Mtu mmoja akipiga yowe usiku, hiyo ni kelele. Lakini simama gatini Lamu wakati mashua zinapojaza abiria wa Mokowe: injini zanguruma kila moja kwa mlio wake, manahodha wanaita wateja, hamali wanaomba njia, na punda aliyefungwa ukutani analia juu ya yote hayo. Hapo neno limepata mahali pake. Hata hivyo, mimi huchagua "zogo" kwa watu wanaobishana na "mkwaruzo" kwa kitu kimoja kinachoparuza, kwa sababu maneno hayo yanalenga zaidi, na ingekuwa hasara kuyaacha.

Je, nyundo za mafundi wanaokalafati jahazi ni kakofonia? (Msomaji, Matondoni)

Sikubali. Mapigo yale yana mwendo, na pamba ikishashindiliwa barabara kati ya mbao, mlio hubadilika, fundi akajua kwa sikio kwamba mshono umekaza.

Mshairi aweza kuitumia kwa makusudi? (Msomaji, Mkomani)

Aweza, akiwa na sababu. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia irabu, kwa hiyo ulaini huja wenyewe, anayetaka ukali hana budi kurundika konsonanti nzito, kama hivi: "Gogo kwa gogo lagonga, kigae kikikwaruza." Mshororo huo ungefaa kusimulia chombo kinachovunjika mwambani, lakini ukiwekwa katika utenzi wa kumliwaza mfiwa, utamuumiza.

"Makelele" ni kosa? (Msomaji, Langoni)

Si kosa. Huongeza wingi na kero, na kitenzi chake hubaki kilekile: kupiga.