Moduli ya Lua ikigoma kupanda, uliza kwanza ilikompailiwa wapi

Wadogo zangu mnaoanza kuandika kodi za kompyuta hapa Tanga, hili naliandika kwa sababu naliona sana. Kijana anakuja na laptopu toka Ngamiani au Chumbageni, programu inayobeba Lua (lugha ndogo ya kuandikia skripti) ndani yake imegomea moduli, yaani faili la nyongeza inalotakiwa kupakia, ukimuuliza moduli kaitoa wapi anakwambia kakopi kwa mshkaji kwenye flashi maana bando limekata. Basi shida ipo hapohapo. Skripti ya Lua ni maandishi, lakini faili la .so (Linux) au .dll (Windows) limeshakompailiwa, yaani limegeuzwa kuwa lugha ya mashine, lina vesheni yake ya Lua na biti zake 32 au 64, hata ulibadilishe jina mara ngapi.

Waliotengeneza Lua, watu wa chuo cha PUC-Rio kule Brazil toka 1993, wanasema wazi kwamba 5.1, 5.2, 5.3 na 5.4 hazielewani kibainari, yaani moduli iliyokompailiwa kwa moja haiendi kwenye nyingine. Mfano lua_pcall kwenye 5.1 ni fankisheni kabisa, kuanzia 5.2 imebaki makro tu (jina linalobadilishwa wakati wa kukompaili) inayoita lua_pcallk, kwa hiyo moduli ya 5.1 ukiipandisha kwenye programu ya 5.3 inatafuta jina ambalo halipo na unapigwa undefined symbol.

Na ukiona hiyo shukuru, kosa limejitaja. Balaa ni moduli iliyomezeshwa Lua yake nzima tumboni, maana hapo Lua zinakuwa mbili kwenye programu moja. 5.2 na 5.3 zina ukaguzi wa kukwambia multiple Lua VMs detected (Lua zaidi ya moja zimeonekana), ila 5.1 haina, inapokea vizuri tu halafu inakrashi baadae wakati wa kusafisha memori na wewe uko bize unakagua kodi yako isiyo na kosa lolote, siku nzima imekwenda.

Kwa hiyo kabla hujagusa kodi andika print(_VERSION) ndani ya programu yenyewe, sio kwenye terminali, kwenye terminali unaweza kukuta Lua nyingine kabisa. Andika na print(jit), isipotoa nil ujue hiyo ni LuaJIT, aina nyingine ya Lua, inafuata ABI (kanuni za kuunganisha faili zilizokompailiwa) ya 5.1. Kwenye Linux piga file kwenye moduli uone biti, kisha nm -D uone inadai majina gani. Halafu chukua sosi ukompaili upya kwa heda (faili za .h) za Lua ileile ya programu, na usiunganishe liblua, yaani Lua yenyewe, ndani ya moduli. Windows ni tofauti kidogo, unaunganisha na DLL ileile inayotumiwa na programu.

Python wana unafuu, toka 3.2 ya 2011 kuna ABI thabiti, moduli yenye abi3 kwenye jina inavuka vesheni bila kukompailiwa tena. Ila biti bado lazima zilingane.

Kama sosi hamna na mwenye moduli hapatikani, mi huwa naiendesha kwenye prosesi ya pembeni yenye Lua inayolingana nayo, data zinapita kwa paipu. Inapunguza spidi kweli, lakini ikikrashi inakufa yenyewe, programu ya mteja inaendelea.