Bi mkubwa kashindwa kuinuka kwenye kochi? Soma hii kabla hujamwambia apumzike

Mkuu umeuliza bi mkubwa wako wa miaka 74 ambae siku hizi mpaka avutwe mkono ndo anatoka kwenye kochi, umfanyishe mazoezi au umuache apumzike. Mfanyishe, na huko kumvuta mkono muache leoleo.

Mama yangu alilazwa na nimonia, karudi nyumbani miguu hana. Ndugu wakajaa na ile "mama we kaa tu, sema unataka nini", chai analetewa kitandani, kuoga anabebewa maji. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wazee wazima kabisa walilazwa kitandani siku 10 tu wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguu, sasa piga hesabu mgonjwa anaepewa huduma ya kifalme mwezi mzima!

Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) aliyetusaidia kazi yake kubwa ilikuwa moja, kukaa na kusimama. Tafuta kiti cha mezani cha mbao, kiegemeze ukutani kisiteleze (vya plastiki achana navyo, miguu inapanuka). Akishindwa weka mto juu ili kiwe kirefu. Asogee mpaka ukingoni mwa kiti, nyayo azivute nyuma kidogo ya magoti, halafu ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu ndo asukume ardhi. Wazee wengi hapo ndo wanapokwama, wanajivuta kinyumenyume wanaogopa kuanguka mbele, makalio hayanyanyuki. Na kushuka ashuke taratibu, asijibwage, maana kushuka nako kunajenga misuli. Mama alikuwa anahesabu kwa tasbihi, akiinuka mara moja anasogeza punje, ukimwambia imetosha anakwambia mbona punje bado.

Sasa wengi wanaanza vizuri ila wanabaki palepale miezi. Akizoea punguza msaada: kwanza anashika kiti kwa mikono miwili, baadae mmoja, baadae mikono kifuani, halafu toa mto. Kama anainuka mara 15 huku anakupigia umbea basi hilo zoezi limeshakuwa jepesi. Na usimuonee huruma kisa umri, Boston mwaka 1990 walichukua wazee wa kwenye makao, mmoja ana miaka 96, wiki 8 za kunyanyua vyuma kwa miguu nguvu zao zikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Kumpima ni rahisi, mikono kifuani, sekunde 30, hesabu anasimama mara ngapi. Mwanamke wa umri wa mama yako akiwa chini ya 10 ujue yupo kwenye hatari ya kuanguka.

Kumtembeza jioni endelea, ila kutembea tu hakutoshi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka wazee wafanye mazoezi ya nguvu na balansi angalau siku 3 kwa wiki. Balansi sisi tulifanyia kwenye sinki la jikoni, anashika ukingo, mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kigusane na vidole, akiweza anaachia mkono kidogokidogo na wewe umesimama ubavuni. Peku au raba, kandambili hapana.

Magoti yakiuma kidogo wakati wa zoezi yakatulia kesho yake songa mbele, yakivimba punguza. Kifua kikibana, pumzi ikikata au mguu mmoja ukivimba ghafla ni hospitali, usisubiri kesho. Na kama ameanguka hivi karibuni au moyo una shida aonwe kwanza na daktari.

Halafu mrudishie kazi zake, achambue mchele, akunje nguo, akafungue mlango mwenyewe. Dada wa kazi mwambieni mapema, asije akaonekana mvivu.

Niambie anatumia dawa za presha? Maana wengine wakisimama kizunguzungu kinawapiga, hao wanakaa kwanza kitandani dakika moja mbili wanachezesha nyayo ndo wanainuka. Na kochi lenu likoje, yale mafupi ya kuzama?