Wasomaji Wanauliza: Taa za Gari na Barabara za Vijijini Usiku

Naendesha Hiace kuukuu yenye balbu za H4, njia ya Lira kwenda Kitgum. Usiku dimu ni hafifu mno, kama tochi inayoishiwa betri. Fundi anataka kuniwekea balbu za wati 100. Nikubali?
*Dereva wa abiria, Lira*

Hapana, ndugu yetu. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa chini wa kupishana). Fulu zote mbili huvuta ampea 10 hivi. Ukiweka za wati 100 zinakaribia 17, na waya wa kiwandani haukutengenezwa kwa mzigo huo. Matokeo yake utayaona kwenye plagi nyuma ya taa: plastiki inageuka kahawia, pini zinalegea, umeme unaofika unazidi kupungua. Baadaye rangi ya fedha ya reflekta (bakuli la ndani ya taa linalorudisha mwanga mbele) inaungua na kuwa kijivu, na hiyo hairudi kwa dawa yoyote.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chukua multimeta, washa injini, washa dimu. Betri inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya 13.5, shida iko kwenye alternata au mkanda wake, wala si taa. Kisha, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, pima kwenye pini mbili zinazolisha dimu. Tofauti na betri ikizidi nusu volti, mwanga wako unapotelea njiani: kwenye swichi ya usukani, kwenye waya mwembamba, au kwenye ethi (muungano wa hasi na bodi) iliyoshika kutu.

Nusu volti inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu za halojeni kama H4 huanguka haraka kuliko volti. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Gari ambalo betri inatoa 13.8 na balbu inapata 12 limetupa zaidi ya theluthi ya mwanga wake, na tunayaona mengi ya namna hiyo.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Nunua mbili za ampea 30 zenye pini nne (moja ya dimu, moja ya fulu), fyuzi mbili za ampea 15 na vishikio vyake, waya wa milimita 2.5 za mraba, na soketi mbili za H4 za kauri. Pini 30 ya kila rilei inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Pini 87 inakwenda kwenye balbu. Ethi ya balbu ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae. Plagi ya zamani ya upande mmoja inabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, kupitia pini 85 na 86. Ya upande wa pili izibe kwa utepe.

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Toyota nyingi za zamani hukata umeme upande wa hasi: pini ya pamoja ya plagi (inayotumiwa na dimu na fulu) ndiyo yenye chanya. Ukiunga pini 86 kwenye waya wa dimu na 85 kwenye bodi kama ilivyozoeleka, taa hazitawaka kabisa, na fundi atasema rilei ni mbovu. Peleka 86 kwenye pini ya pamoja, na 85 kwenye waya wa dimu (rilei ya pili, waya wa fulu). Na asikwambie fyuzi si lazima. Waya usio na fyuzi ukisuguliwa na bodi hadi ganda litoke, gari linaungua.

Niliweka LED zilizoandikwa lumeni 20,000. Mbele ya gari ni kweupe, lakini kila ninayepishana naye ananipigia fulu. Kwa nini?
*Msomaji, Mbarara*

Kwa sababu unawapofusha. Reflekta ilipimwa kwa uzi mmoja mwembamba wa balbu, ukiwa mahali pake hasa. Chipu za LED zikikaa milimita moja mbele au nyuma, mwanga unatawanyika juu, kwenye macho ya wenzio. Namba ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi usiihesabu.

Weupe huo wa karibu nao ni mtego. Jicho likizoea mwanga mkali wa mita 10 za kwanza, mboni inasinyaa na ya mbali huyaoni: ng'ombe, baiskeli isiyo na kiakisi, matawi yaliyotandazwa nyuma ya lori lililokufa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Hadi ushtuke na ukanyage breki, mita 33 zimekwisha, na kusimama kwenye lami kavu kunataka nyingine 35. Kwenye murram, ongeza.

Jaribu jambo moja: legeza kola ya balbu na uizungushe hadi chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Pima ukutani kama tunavyoeleza hapa chini. Ikiwa mstari wa juu wa mwanga bado umevurugika, zitoe. Taa za projekta (zenye lenzi ya duara mbele ya balbu) huvumilia LED kidogo, ila feni ya nyuma haipendi vumbi letu. Ikikwama, chipu zinaungua. Halojeni bora ya wati 55 yenye kioo cheupe inatosha. Ile ya kioo cha buluu iache, rangi hiyo huchuja mwanga. Wala usiishike kioo kwa vidole: mafuta ya ngozi huunguza sehemu moja, balbu ikapasuka mapema.

Vioo vya taa vimekuwa vya manjano. Dawa ya meno inasaidia?
*Msomaji, Masindi*

Kwa wiki chache. Hiyo ni plastiki, na ganda lake la kinga limeliwa na jua. Osha kwa sabuni, funika rangi ya gari kwa utepe wa karatasi, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 800, ukiulowesha muda wote. Maji yanayotiririka huwa ya manjano mwanzoni. Yakigeuka meupe, ganda la zamani limekwisha. Endelea na 1000, 2000 na 3000, kila mmoja ukikatiza mikwaruzo ya uliotangulia. Wengi huruka kutoka 800 hadi 2000 na kubaki na kioo chenye ukungu. Malizia kwa polishi ya plastiki, kausha vizuri, kisha siku hiyo hiyo pulizia vanishi safi yenye kinga ya jua. Bila vanishi, manjano yanarudi ndani ya miezi. Ikiwa uchafu uko upande wa ndani, msasa hautafika.

Nabeba matoke kutoka Kyenjojo kwenda Kampala usiku. Taa zipimwe gari likiwa tupu au na mzigo?
*Msomaji, Kyenjojo*

Pima na mzigo unaobeba kawaida, dereva ameketi, tairi zina upepo sahihi. Tafuta ukuta ulionyooka na uwanja tambarare. Sogea karibu na ukuta, weka alama ya utepe usawa wa kitovu cha kila taa, halafu rudi nyuma mita 10. Chomoa plagi ya taa moja, washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga ukae sentimita 10 chini ya alama. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini hapo inafika mita 70 mbele. Ukiishusha hadi sentimita 20 chini ya alama, inaishia mita 35.

Nyuma ya gari ikishuka sentimita 5 tu, na kuna mita 2.6 kati ya tairi za mbele na za nyuma, mwanga unapanda karibu sentimita 19 kwenye ukuta huo. Kama dashibodi ina kijigurudumu cha kushusha taa, pima kikiwa kwenye 0 gari likiwa tupu, na ukitumie ukipakia. Angalia pia kwamba mkono wa mwanga (sehemu ya mstari wa juu inayoinuka upande mmoja) unapanda kushoto, kwa kuwa Uganda tunaendesha kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi kama Ujerumani, ambako huendeshwa kulia. Skrubu hazitazirekebisha, zibadilishe.

Kwenye ukungu wa Kanaba, Kabale kwenda Kisoro, fulu inazidisha weupe. Taa za ukungu za manjano ni bora?
*Msomaji, Kisoro*

Zima fulu, matone ya ukungu yanarudisha mwanga machoni pako. Kinachosaidia ni taa kufungwa chini, usawa wa bampa, na mwanga wake kuwa mpana na bapa, iwe nyeupe au ya manjano. Zikifungwa juu ya bampa au kwenye paa, hazina faida kuliko fulu uliyozima.